Akizizima Alfajiri, Usimguse

Mwezi wa saba katika milima ya Tarime, asubuhi huja na ukungu na umande mzito. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimesimama pembeni mwa shamba la kahawa lililochanganywa na migomba, nikimsubiri mwenyeji wangu amalize kukamua, ndipo nilipomwona chozi. Alikuwa dume wa rangi ya shaba, mwenye manyoya mawili ya mkia yaliyoning'inia marefu. Alikuwa ametua kwenye tawi la mbuni, kimo cha kifua changu, amejivimbisha kama bonge la pamba, mdomo ameuelekeza juu na macho ameyafumba. Nilisogea hadi ikabaki shubiri moja kati yetu, naye hakushtuka. Umande ulikuwa umetua mgongoni mwake vitone vitone.

Mvulana wa nyumba ile akanifuata, manati shingoni. "Shikamoo, mwalimu. Huyu amekufa?"

"Marahaba. Hajafa. Simama hapa tumtazame."

Mkono wake ulikuwa umeshanyooka kumchukua, akaurudisha. Tukangoja. Jua lilipovuka kilima na kuligusa lile tawi, manyoya ya kifua yakaanza kutikisika, kwanza kidogo sana, kisha mwili mzima ukatetemeka kama wa mtu mwenye homa. Jicho moja likafumbuka. Baada ya dakika chache chozi akajikung'uta, akatoa mlio mmoja mkali na kuruka hadi kwenye ua la mgomba. Mvulana alibaki mdomo wazi.

Makala haya nayaandika kwa sababu ya ule mkono ulionyooka. Katika wilaya za Tarime na Serengeti tunaishi bega kwa bega na ndege na popo: mashambani, kwenye mapaa ya mabati, katika mashimo ya dhahabu, na kwenye miamba ya mawe inayotapakaa kuelekea mbugani. Mara kwa mara mtu hukutana na mmoja wao ameganda, baridi kama jiwe. Kuna anayemtupa jalalani akidhani amekufa, kuna anayemwokota kwa huruma, na kuna watoto wanaomfanya kichezeo. Hapo mnyama hupata hasara, na wakati mwingine mtu pia.

Jiko linalopunguzwa moto

Mwili wa ndege mchana una joto la nyuzi 40 hivi, zaidi ya letu. Joto hilo hutokana na chakula, na mwili mdogo hulipoteza upesi. Jaribu nyumbani: chemsha chai, jaza kikombe kimoja, nyingine iache kwenye sufuria. Kikombe hupoa wakati sufuria bado inatoa mvuke. Chozi na popo mdogo ni vikombe, ng'ombe na binadamu ni masufuria. Kikombe kikitaka kubaki na moto usiku kucha, hakina budi kuchochewa kuni bila kukoma.

Kuni hizo zitoke wapi? Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo usiku wetu una saa kumi na mbili mwaka mzima. Chozi anayeishi kwa maji matamu ya maua na vijidudu hawezi kutafuta chakula gizani. Kila siku ya maisha yake nusu ni mfungo. Kama jana mvua ilinyesha kutwa na hakushiba, hesabu haitoki: akiba ya mwili itakwisha kabla jua halijachomoza.

Basi hupunguza moto. Joto la mwili huachwa lishuke, moyo hupunguza mapigo, pumzi huwa za mbali mbali, na matumizi yote huwa machache. Hiyo ndiyo naiita kuzizima, kwa maana neno letu hilo hubeba mawili pamoja, kupoa na kutulia. Mwaka 1971 mtafiti Robert Cheke alichapisha vipimo vya joto la chozi wa milimani barani Afrika, akaonyesha jinsi linavyoshuka usiku. Mbali na hapa, katika milima ya Andes nchini Peru, watafiti walipima ndege mdogo sana anyonyaye maua aliyefikisha joto la mwili la nyuzi 3.26 usiku, na asubuhi akaruka. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2020.

Kuzizima si usingizi wa kawaida, na tofauti hii ndiyo msingi wa ushauri wote unaofuata. Aliyelala ukimgusa huamka na kukimbia. Aliyezizima hawezi. Ili aruke inambidi kwanza apashe mwili moto kwa kutetemesha misuli, na popo huunguza pia mafuta maalumu yaliyo karibu na mabega. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, hata nusu saa, na hula akiba ileile aliyokuwa akiibana. Kumwamsha bila sababu ni kumwibia chakula cha jioni. Ukimwamsha mara mbili tatu siku hiyohiyo, unaweza kumuua ingawa hukumjeruhi popote.

Kabla ya kuzizima, malalo

Kiumbe mwenye busara huanza kubana matumizi kwa kuchagua mahali pa kulala. Huko Serengeti kuna mfano ambao mimi sichoki kuusimulia. Tangu mwaka 2010 watafiti wametega kamera 225 katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita. Picha za usiku zilileta jambo lisilotarajiwa: twiga wakitembea gizani huku shashi wenye mdomo wa njano wamejipanga chini ya mapaja yao, kwenye kinena, wamelala. Shashi ndio wale ndege ambao wengi huwaita askari wa kifaru, watoa kupe. Meredith Palmer na Craig Packer waliandika habari hiyo mwaka 2018. Ndege hupata hapo pahali pa joto na salama, na asubuhi hana haja ya kumtafuta twiga, maana ameamka mezani. Shashi mwenye mdomo mwekundu, ambaye hula kwenye wanyama wa aina nyingi zaidi, hulala mitini.

Kuzumburu unawajua hata kama jina hulijui: ni wale ndege wa kijivu wenye kishungi na mkia mrefu kama wa panya, wanaomaliza mapapai na mboga bustanini. Usiku hukusanyika katikati ya kichaka, wakaning'inia wamekumbatiana kifua kwa kifua, bonge moja la manyoya. Aliye katikati hupoteza joto kidogo. Kuzumburu aliyetengwa na wenzake akanyimwa chakula huzizima upesi, na vipimo vya maabara vimelionyesha hilo. Asubuhi utawaona wamejitandaza juu ya kichaka, tumbo wameligeuzia jua, miguu wameitanua. Wanapokea moto wa bure badala ya kuunguza akiba. Mwenye manati akitaka nyama huwangojea saa hiyo. Naomba tuache: ndege huyo wakati huo huenda hana hata uwezo wa kukimbia.

Halafu kuna kirukanjia. Yuko mmoja wa mawe, mwenye madoa yanayofanana na mwamba wenyewe, ambaye hulala mchana juu ya jiwe tupu. Huko Namaqualand, Afrika Kusini, watafiti walimvalisha ndege wa aina hiyohiyo vipima joto, wakakuta kwamba huzizima zaidi katika usiku wa giza, mwezi usipokuwepo. Kirukanjia huwinda wadudu kwa macho. Pasipo mbalamwezi haoni mawindo, na asipokula hufunga jiko. Wewe unayepita barabara ya kati ya Mugumu na Tarime usiku, punguza mwendo ukiona macho mekundu yanang'aa chini barabarani. Ndege hao hupenda kukaa njiani, na anayepita kwa pikipiki usiku wa giza anaweza kumkuta kirukanjia mzito wa kuruka.

Upande wa popo, makao hutegemea aina. Kwenye migunga ya kandokando ya mito, Grumeti na vijito vyake, ukitazama vizuri utaona popo mwenye mabawa ya rangi ya njano na masikio makubwa, ananing'inia peupe mchana, macho wazi, mara nyingi dume na jike wakiwa mti mmoja. Popo wa matunda wenye vishungi vyeupe mabegani hujificha kwenye majani mazito, na usiku dume huita kwa mlio mmoja unaorudiwa kama kengele ndogo. Wengine hupenda mapango na mashimo. Kuning'inia hakuwagharimu kitu, kwa maana uzito wa mwili wenyewe huvuta kano za vidole na kucha zikajifunga, bila misuli kufanya kazi. Ndiyo maana popo aliyekufa huweza kubaki ananing'inia. Usimhukumu kwa hilo peke yake.

Ukimkuta ndege ameganda

Akiwa tawini, mwache. Akiwa chini, palipo na paka, kuku au siafu, mhamishe. Tumia kitambaa au mfuko mikononi, umweke kwenye boksi lenye matundu, giza ndani, kisha boksi uliweke mahali jua la asubuhi linapofika upande mmoja tu. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia kwenye pumzi. Usimpashe jikoni. Akianza kukwaruza boksi, fungua na usimame mbali. Teleka, wale ndege weusi wenye mabawa kama mundu wanaojenga chini ya madaraja na kwenye mapaa ya mjini, wana shida ya ziada: miguu yao ni mifupi mno, na akianguka chini huruka kwa taabu. Mweke juu ya ukuta au kwenye kiganja kilichoinuliwa, aanze kwa kushuka.

Ndege mmoja aliyepoa asubuhi ya baridi ni habari ya kuzizima. Ndege wengi waliokufa mahali pamoja ni habari nyingine kabisa, yaweza kuwa sumu ya shambani au ugonjwa. Hao usiwaguse wala usiwapike. Mwite afisa mifugo wa kata au afisa wanyamapori wa wilaya.

Popo wa darini

Hapa ndipo watu wengi huniuliza, na hapa nitakaa.

Popo wa mapaa ya mabati mara nyingi ni wale wadogo ambao mkia wao umechomoza nje ya ngozi, kama mkia wa panya. Wanapenda bati kwa sababu ya moto. Mchana joto chini ya bati hupita nyuzi 40, sisi tunakimbilia mwembeni, wao wanastahimili. Asubuhi huweza kukaa wamepoa, mwili bila matumizi, na jua linapopasha bati mchana huwapasha na wao bila gharama. Jioni hutoka wakiwa wamoto tayari. Paa la bati kwa popo huyu ni bora kuliko pango.

Nao hulipa kodi. Wanakula nondo, mende wa shambani na kunguni wa mimea usiku kucha. Huko Afrika Kusini wakulima wa makadamia wanawathamini kwa sababu hula kunguni wanaoharibu zao hilo. Mkulima wa mahindi wa Tarime au wa Mugumu ana adui wengi ambao ni nondo wanaotaga usiku.

Hata hivyo sitamwambia mwalimu mkuu avumilie harufu na mkojo unaodondoka juu ya madaftari ya watoto. Kuwatoa ni haki. Ila kuna njia.

Kwanza hakikisha ni popo. Kinyesi cha panya ni kigumu. Cha popo ukikibonyeza kwa kijiti husagika kuwa unga wenye vipande vinavyometameta, mabawa na maganda ya wadudu. Pili, kaeni nje jioni, watu wawili watatu pande zote za jengo, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi giza liingie, mkaone wanatokea wapi. Upenyo wa unene wa kidole gumba unawatosha: kwenye mawimbi ya bati yanapokaa juu ya ukuta, chini ya kofia ya paa, kwenye ubao uliooza.

Sasa sikiliza jambo ambalo mafundi wengi hulikosea. Jioni ya baridi au ya mvua, wadudu hawaruki, na sehemu ya popo hawatoki kabisa. Wamezizima darini, kimya, bila mlio. Fundi huhesabu kumi waliotoka, akaona kumekwisha, akapiga saruji. Wiki ya pili darasa linanuka kuliko mwanzo kwa sababu hamsini wamefia ndani, na mabuu yanadondoka. Nimeliona darasa la namna hiyo katika shule moja ya kijijini. Watoto walisomea chini ya mti kwa siku nyingi. Kwa hiyo usizibe kwa hesabu ya jioni moja. Chagua kipindi kikavu, jioni zisizo na mvua wala baridi kali.

Pia chunguza watoto. Jike huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, lakini huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, hasa mvua zinapoleta wadudu. Mtoto asiyeruka hubaki darini mama anapotoka. Wakubwa wakishaondoka, weka sikio kwenye dari: ukisikia vilio vyembamba, subiri wiki sita, kisha sikiliza tena.

Kukiwa kimya, ning'iniza kipande cha chandarua kikuukuu juu ya kila tundu wanalotokea. Kipigilie misumari juu na pembeni, chini kiachwe wazi kikining'inia nusu mita hivi. Popo akitoka hushuka na kupita chini. Akirudi huja moja kwa moja kwenye tundu na kukutana na wavu, asijue kuinua ncha. Matundu mengine yote yazibe kabla. Acha vyandarua kwa usiku saba mfululizo, na kama katikati pamenyesha, ongeza siku. Halafu ondoa na uzibe kwa saruji, ubao au waya wenye matundu madogo, ukiacha paa lipumue.

Dawa ya wadudu ndani ya dari, moshi wa pilipili na matairi havifai. Vinawaua waliozizima kabla hawajaweza kuruka, vinawaangusha wagonjwa sakafuni miguuni pa watoto, na sumu hubaki chumbani.

Wakati wa kusafisha, usifagie kinyesi kikavu. Vumbi lake huweza kubeba fangasi wanaoingia mapafuni. Nyunyizia maji hadi kilowane, funika pua na mdomo kwa barakoa nzuri, vaa glavu, kikusanye kwa koleo. Kinafaa kama mbolea kikichanganywa na takataka kwenye shimo la mboji kwanza.

Mashimo ya dhahabu

Kwa vijana wa Nyamongo na vitongoji vyake naandika haya peke yake. Shimo lililoachwa ni pango, na pango lina popo. Aina mojawapo ya popo wa matunda wanaolala mapangoni katika Afrika Mashariki ndio makao ya asili ya virusi vya Marburg. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua ugonjwa huo. Ng'ambo ya ziwa letu, mkoani Kagera, Marburg ilizuka mwaka 2023 ikaua watu 6 kati ya 9 waliougua, na Januari 2025 ikatangazwa tena wilayani Biharamulo, ambako wote 10 waliohesabiwa walifariki.

Baada ya Kitaka, watu waliamua kuwaua popo wote wa mgodi ule. Popo walirudi. Watafiti walipowapima mwaka 2012 walikuta kiwango cha wenye virusi kimepanda kutoka asilimia 5.1 hadi 13.3, na mwaka huohuo ugonjwa ulikuwa umezuka katika mji wa Ibanda ulio jirani. Yaelekea ukiwaua wakubwa waliokwisha kupata kinga, unawafungulia nafasi vijana wasio nayo. Kwa hiyo shimo lenye popo wengi liache, tafuta jingine. Ukilazimika kupita, usiguse kuta wala kinyesi na usile humo ndani. Ukipata homa kali ndani ya siku 21 baada ya kutoka shimoni, mwambie mganga wa zahanati tangu mlangoni kwamba uliingia penye popo. Neno hilo moja litamlinda yeye na familia yako. Na tunda lililotafunwa na popo lisiliwe, hata sehemu iliyo nzima.

Jina la Ikoma

Ni watu wachache wa wilaya ya Serengeti wanaojua kwamba kata mojawapo ya wilaya yao imo katika vitabu vya virusi duniani. Mwezi Mei mwaka 2009, katika kata ya Ikoma, askari wa wanyamapori walimuua fungo aliyekuwa amemng'ata mtoto na kuonyesha dalili za kichaa cha mbwa. Sampuli ya ubongo wake ilichunguzwa hadi maabara ya Weybridge, Uingereza. Kilichoonekana kilikuwa ndugu wa virusi vya kichaa cha mbwa, lakini ndugu wa mbali sana, ambaye hakuwahi kuonekana popote. Wakampa jina la Ikoma, na taarifa ikachapishwa mwaka 2012. Ndugu yake wa karibu zaidi alipatikana baadaye kwa popo huko Lleida, Hispania. Kwa kuwa karibu virusi vyote vya ukoo huo chimbuko lake ni popo, wataalamu wanaamini fungo yule naye aliambukizwa na popo.

Hapa ndipo kuzizima kunapokutana na afya ya mtoto wako. Fungo huokota chochote kilichoanguka. Popo aliye chini, asiyekimbia, huweza kuwa amezizima au anaumwa, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba kinga itokanayo na chanjo ya kichaa cha mbwa tuliyo nayo haivizuii virusi vya Ikoma. Mwaka 2007 mwanamke Mholanzi alikwaruzwa usoni na popo huko Kenya, akafa nchini kwao mwezi Desemba kwa virusi vingine vya ukoo huohuo. Majeraha yake yalikuwa madogo tu, puani.

Waambie watoto kwa sauti ya upole, bila kuwatisha: popo aliye chini haguswi kwa mkono, aitwe mtu mzima. Mtu aking'atwa, akikwaruzwa, au mate ya popo yakimwingia jichoni au mdomoni, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, saa mkononi, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo na kuomba chanjo. Meno ya popo mdogo ni kama sindano, alama huweza isionekane, kwa hiyo mtoto aliyeamka akakuta popo kitandani apelekwe hata kama ngozi yake ni safi. Usiseme chanjo haifai kwa sababu ya Ikoma: aina nyingine kadhaa za virusi hivyo inazizuia, na hakuna ajuaye kwa macho ni ipi iliyomwingia mtu. Na mbwa wako mpeleke kila chanjo inapotangazwa kijijini. Katika nchi zetu mbwa ndiye anayeua watu wengi kwa ugonjwa huu, popo ni wa nadra.

Popo aliye sakafuni

Basi umemkuta asubuhi kwenye varanda. Funga mbwa na paka, waondoe watoto. Chukua kopo la plastiki au boksi la viatu, mfunike, penyeza karatasi ngumu taratibu chini yake, kisha geuza. Tia ndani kitambaa cha pamba ajishikie, funga mfuniko wenye matundu madogo sana, weka kivulini pasipo kelele. Usimfungulie mara kwa mara kumtazama, kwani kila mwanga ukiingia huanza kujipasha moto na kupoteza akiba yake.

Usimrushe hewani. Popo wa darini ana mabawa membamba marefu, akiwa chini huruka kwa shida sana hata akiwa mzima wa afya. Huhitaji kuanguka kutoka juu ndipo mabawa yashike upepo. Ngoja hadi jua lizame. Vaa glavu nzito za ngozi au zile za ujenzi, ulaze boksi wazi kwenye shina la mwembe, kimo kilichopita kichwa chako, mdomo wa boksi ukigusa gome. Kisha rudi nyuma hatua kumi na uzime tochi.

Mwanzoni hutaona kitu. Halafu kitambaa kitatikisika kwa kutetemeka kwake. Atatoa kichwa, masikio yakigeukageuka, ashike gome kwa vidole gumba vya mabawa, na kuanza kupanda kinyumenyume, kwa pumzi, akisimama kila baada ya hatua chache. Akifika juu ya kutosha atajiachia, atashuka karibu na uso wako kama jani, na kabla hajafika chini atakuwa ameshachukua upepo na kuelekea shambani kwenye mahindi.

Akibaki palepale hadi asubuhi, mwone afisa mifugo kabla hujamgusa tena.